Somo la Kwanza la Bi Ruqaya

Kila asubuhi, kabla jua halijapenya kwenye vichochoro vya Malindi, mjini Unguja, Hamda binti Sleiman alikuwa ameshafagia ngazi za nyumba yao kutoka juu hadi chini. Ngazi zilikuwa nyembamba na zenye kiza, na vumbi la chokaa lililopukutika kutoka kwenye kuta halikuwa na mwisho. Ukilifagia leo, kesho limerudi. Akimaliza, Hamda hunawa, hunywa chai kwa mkate wa mofa, huvaa buibui juu ya gauni lake la skuli, kisha hutoka kwenda kumpitia rafiki yake Sichana.

Sichana alikaa karibu na bandari kwa ami yake, Bwana Shaame, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo melini. Kwao hasa kulikuwa Kendwa, kaskazini ya Unguja, ambako alilelewa na bibi yake, Bi Wanu, baada ya mama yake kufariki. Ami Shaame ndiye aliyemleta mjini asome. Akiona bandarini ubao wa kasha lililovunjika, aliuchukua uwe kuni, lakini ubao wenye maandishi ya Kizungu haukuingia jikoni mpaka Sichana ausome kwanza. Labda ndiyo maana katika darasa la nane hapakuwa na msichana aliyemfikia kwa Kiingereza. Hamda alikuwa wa pili, naye alijua kwamba ni wa pili.

Wasichana waliotangulia katika Kiingereza walitengwa wakawa kundi lao, na walikuwa na kipindi chao wenyewe. Mwalimu mkuu, Bi Zeyana, alimchagua Sichana kutoka katika kundi hilo asome hadithi fupi ya Kiingereza mbele ya wageni siku ya wazazi. Habari ilipofika Kendwa, Bi Wanu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, aliapa kwamba lazima aje.

Mwaka huo dada yake Hamda, Ruqaya, alikuwa anamaliza chuo cha ualimu. Akapangiwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika skuli ile ile aliyosoma Hamda, na somo lake la kwanza likawa kwa kundi la juu la Kiingereza. Nyumbani furaha ilikuwa kubwa. Baba yao, Mzee Sleiman, zamani alikuwa na shamba la karafuu upande wa Mtoni; sasa aliuza vitambaa katika duka la mtu mwingine. Kila aliyeingia dukani aliambiwa kwamba binti yake anakuwa mwalimu.

Alasiri moja, Hamda na Ruqaya walikuwa wakianika nguo kwenye roshani ya nyuma.

"Hamda, nisikilize," alisema Ruqaya kwa sauti ya chini. "Kesho nnakuja darasani kwenu. Nikiuliza nani atanipa sentensi, wewe ndiye uinue mkono. Wengine wakiona mmoja kajibu, watachangamka. Useme hivi: *My father works hardly.* Maana yake, baba yangu anafanya kazi kwa bidii."

Hamda alisita, kitambaa kibichi mkononi. Wiki iliyopita yeye na Sichana walilikuta neno lile katika kitabu, wakaenda kuliangalia kwenye kamusi ya skuli, wakacheka sana. *Hard* ndilo neno la bidii. Ukilitia mkia wa *-ly* likawa *hardly*, maana inageuka kabisa: ni kufanya kidogo mno, karibu na kutofanya. Sentensi ya dada yake ilisema kwamba baba hafanyi kazi.

"Dada, neno hili mbona..."

"Mbona nini? *Quick, quickly. Slow, slowly. Hard, hardly.* Ndivyo kanuni ilivyo. Au nawe ushakuwa mwalimu?"

Hamda akamtazama. Macho ya Ruqaya yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na tangu asubuhi hakutia kitu kinywani. "Kesho yatakwisha," Hamda alijiambia. "Ni neno moja tu, nani atalijali?" Akaendelea kuanika.

Siku ya pili Bi Zeyana alimwingiza Ruqaya darasani, akawaambia wasichana, "Huyu ni Bi Ruqaya. Mnajua ni dada yake Hamda, lakini hapa hana mdogo wake. Nyote ni wanafunzi wake." Kisha akarudi ofisini kwake.

Somo lilianza vizuri. Chaki ilimkatikia Ruqaya mara ya kwanza, lakini sauti yake ilitulia. Alieleza jinsi maneno ya Kiingereza yanavyotiwa mkia yakaonyesha namna kazi inavyofanywa. Halafu akauliza nani atampa sentensi. Hamda akainua mkono, akasimama, akaisema kama alivyofunzwa.

"Vizuri sana!" alisema Ruqaya, akaiandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Mkono wa Sichana ukapanda juu.

"Samahani, Bi. Sentensi hiyo ina maana nyengine. Inasema baba hafanyi kazi hasa, anagusagusa tu. Neno la bidii ni *hard*, bila ya mkia."

Msichana mmoja wa nyuma akanong'ona, "Baba wa nani huyo, mvivu namna hiyo?" Darasa zima likaangua kicheko, kwa kuwa kila mtu alimjua baba yake Hamda.

Uso wa Ruqaya ukawaka. "Sichana! Unamtukana baba yangu?"

"La, Bi, wallahi sijamtukana mtu. Nasema neno tu. Limo kwenye kamusi. Hata Hamda anajua, tulilitazama pamoja."

"Hamda, simama," alisema Ruqaya. "Ni kweli mlilitazama?"

Kicheko kilikatika. Hamda alisimama. Mbele yake aliuona mkono wa dada yake uliojaa chaki, bado umeegemea ubao. Pembeni Sichana alikuwa akimtazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayengojea kupokea kitu chake.

"Sikumbuki, Bi," alisema Hamda.

Sichana akamgeukia mwalimu, akasema kwa adabu, "Kamusi iko kwa Bi Zeyana. Niende nikailete?"

Hilo ndilo lililomtia Ruqaya hofu kuliko yote. "Jana tu umetoka shamba, leo ushakuwa wa kunifunza mimi?" alipiga kelele. "Toka nje!"

Sichana alikusanya vitabu vyake polepole, akatoka. Somo likaendelea, lakini hapana aliyeinua mkono tena.

Baada ya kipindi, Ruqaya alikwenda kwa Bi Zeyana kushitaki. Alieleza kwamba Sichana amemfanyia dhihaka baba yake mbele ya darasa. Habari za neno hakuzitaja. Bi Zeyana, ambaye kwake heshima ya mwalimu ilikuwa haina mjadala, alimwita Sichana.

"Nilisahihisha neno tu, Bi," alisema Sichana.

"Sikukuuliza neno, nakuuliza adabu. Mwombe radhi mwalimu wako."

"Sikumtukana, Bi. Nikiomba radhi, nitakuwa nimesema uongo."

"Basi siku ya wazazi hutasoma wewe. Atasoma Hamda."

Ami Shaame alipoitwa akaambiwa kwamba mtoto wake amekosa adabu na hataki kuomba radhi, alisimama pale ofisini na kofia yake mkononi, hajui atazame wapi kwa aibu. "Nimemleta mjini asome," alisema, "sikumleta atukane walimu." Akamchukua Sichana, na tangu siku hiyo hakuonekana tena skuli.

Jioni ya siku iliyofuata, Ruqaya alirudi kutoka chuoni amesawijika.

"Umelitazama lile neno kwenye kamusi?" aliuliza Hamda.

"Nimelitazama."

"Basi, Dada, twende kwa Bi Zeyana tukamwambie."

"Tukamwambie nini? Kwamba nimesimama mbele ya kundi la juu na neno dogo kama lile silijui? Wakininyima cheti, baba ataweka wapi uso wake?" Ruqaya alikaa kitandani, akajishika kichwa. "Nyamaza, Hamda. Sichana ana akili, atarudi tu. Watu watasahau."

Hamda alinyamaza. Kila siku baada ya kutoka skuli alikaa akajifunza ile hadithi aliyokuwa asome Sichana, na, aibu ni kulisema hili, alianza kuipenda nafasi ile. Mama yake alimshonea gauni jipya. Majirani walimpongeza. Asubuhi alipokwenda skuli alibadilisha njia, akazunguka nyuma ya msikiti ili asipite mlangoni kwa Ami Shaame.

Siku ya wazazi ikafika. Ua wa skuli ulijaa akina mama waliovaa vizuri, manukato yakinukia, na akina baba wachache wamekaa kwenye mabenchi ya nyuma. Hamda alichungulia kutoka nyuma ya pazia. Safu ya mbele kabisa alikaa bibi mmoja mwembamba, kavaa jozi mpya ya kanga ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani, na kifurushi kimelala miguuni pake. Alikuwa Bi Wanu; Hamda aliwahi kumwona kwa Ami Shaame. Ujumbe wa Ami Shaame kumzuia asije haukuwahi kumfika. Alitoka Kendwa alfajiri, akateremka garini Darajani, akaja moja kwa moja skuli.

"Sasa tutamsikiliza Hamda binti Sleiman," alitangaza Bi Zeyana.

Hamda alitoka. Alisoma hadithi yote bila kukosea hata pahala pamoja. Alipomaliza, makofi yalilia na mama yake akapiga vigelegele. Lakini yeye alikuwa akimwona Bi Wanu tu, ambaye naye alipiga makofi kwa adabu, huku macho yake yakilitazama pazia alilotokea Hamda.

Watu walipoanza kunywa sharubati, Bi Wanu alimsogelea.

"Shikamoo, Bibi," alisema Hamda.

"Marahaba, mwanangu. Umesoma vizuri, Mungu akuhifadhi." Akainama kidogo, akamuuliza kwa sauti ya siri, kama mtu anayeogopa kuonekana mshamba. "Na Sichana wangu zamu yake saa ngapi? Nnaogopa gari litaniacha."

Hamda aliangua kilio. Mama mmoja aliyekuwa karibu, asiyejua chochote, akamwambia yule bibi, "Sichana? Yule si katolewa kwa kumtukana mwalimu?"

Bi Wanu alikiokota kifurushi chake, akajitanda kanga vizuri, akapita katikati ya wageni mpaka langoni, akatoka.

Hamda alikimbilia ofisini. Bi Zeyana alipoingia alimkuta amesimama katikati ya chumba, kamusi iko wazi mezani, kidole chake kimewekwa juu ya neno.

"Sichana alisema kweli, Bi," alisema Hamda huku akilia. "Dada alikosea, na mimi nilijua. Nilijua tangu kabla ya somo. Nilisema sikumbuki, na nilikumbuka."

Bi Zeyana aliivuta kamusi, akasoma. Akaisoma tena. Kisha akakaa kitini taratibu.

"Aliniambia kuwa ni neno," alisema mwisho. "Nikamjibu sikumuuliza neno. Kumbe sote watatu tulimfungia mlango."

Akamtuma mtu aende haraka kwa Ami Shaame, lakini alirudi peke yake. Bi Wanu alikuwa ameshamchukua mjukuu wake, wameshapanda gari la kurudi shamba.

Ijumaa baada ya sala, Mzee Sleiman aliwachukua binti zake wawili wakaenda Kendwa. Alikuwa amesikia yote, na tangu alipoyasikia hakugomba wala kupiga mtu. Walipanda gari mpaka Mkokotoni, na sehemu iliyobakia wakachukuliwa na gari la ng'ombe.

Walimkuta Sichana uani anapiga makumbi ya nazi, anatoa nyuzi za kusokotea kamba. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kuchubuka. Aliwaamkia wote kwa heshima, akaendelea na kazi. Bi Wanu akawatandikia mkeka.

Ruqaya hakukaa. "Bi Wanu," alisema, "mjukuu wako hakunitukana. Mimi nilikosea neno mbele ya darasa, yeye akanisahihisha kwa adabu. Nikaona haya. Nikamfukuza, halafu nikamsingizia. Nimekuja kukuomba radhi, na kumwomba radhi yeye."

"Neno moja?" aliuliza Bi Wanu.

"Neno moja."

Bi Wanu alizitazama kanga zake za kila siku alizokuwa amejifunga. "Mimi nilitoka hapa kabla ya kucha kwenda kusikiliza maneno ambayo hata nisingeyafahamu. Nilitaka kuona mdomo wake tu, unavyoyasema. Haya, radhi mmeshaomba. Siku yangu ile mtanirudishia vipi?"

Mzee Sleiman aliinamisha kichwa. Sichana akaacha kupiga makumbi.

"Hamda," aliita Sichana. "Kweli ulikuwa umesahau?"

"La. Nilikumbuka."

"Tangu pale pale darasani?"

"Tangu pale pale."

Sichana aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilijua, akarudia kazi yake.

Bi Wanu alikubali mjukuu wake arudi skuli. "Lakini si kwa ajili yenu," aliwaambia. "Atarudi kwa sababu akili ni yake, na mimi sitaki imalizikie kwenye makumbi."

Sichana alirudi wiki iliyofuata. Siku hiyo Ruqaya alisimama mbele ya kundi la juu, Bi Zeyana amekaa nyuma ya darasa. Aliiandika tena ile sentensi ubaoni, akaukata mkia wa neno kwa chaki, akasema, "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Sichana alinisahihisha, nami sikujua. Nilimwonea, na nnamwomba radhi mbele yenu." Sauti yake ilikatika, lakini hakutoka mpaka alipomaliza somo. Chuo kilimzuilia cheti chake, akaambiwa arudie mazoezi mwaka mzima, aanze na watoto wa darasa la kwanza. Mzee Sleiman dukani hakusema tena habari za mwalimu.

Bi Zeyana naye alisimama. "Na mimi nilihukumu kabla ya kusikiliza. Nisamehe, Sichana."

"Ahsante, Bi," alisema Sichana, akakaa. Alikaa benchi la mbele, pamoja na msichana mwingine. Pahala pake pa zamani, kando ya Hamda, palibaki patupu.

Kengele ilipolia Hamda alimngoja langoni ili warudi pamoja. Sichana alitoka, akamwitikia salamu yake, akaenda zake na mwenzake mpya. Hamda alibaki amesimama mpaka ua ukawa mtupu. Bi Zeyana alimwona, akaja.

"Bi, nimesema kweli yote," alisema Hamda, machozi yakimlengalenga. "Nimekwenda mpaka Kendwa. Mbona bado hanitaki?"

Bi Zeyana alimwekea mkono begani.

"Ulivyosema kweli ulifanya vyema, Hamda, na wala usijute. Kweli yako ndiyo iliyomrudisha Sichana skuli. Lakini haikumrudishia siku yake, wala haikumrudishia bibi yake ile furaha aliyoifuata kutoka Kendwa. Ungesema pale pale, aliposimama peke yake akakutazama wewe, angebakiwa na vyote. Mwalimu kutojua neno moja si aibu. Mimi pia yako mambo nisiyoyajua. Aibu ni kumnyamazisha anayejua. Na wewe ulidhani unamsaidia dada yako. Ungekuwa unampenda kwa kweli, ungemwambia siku ile ile, hata akikasirika. Uongo wako haukumsaidia yeye, wala mimi, wala wewe mwenyewe."

"Sasa nifanye nini, Bi?"

"Uwe mkweli kesho, na kesho kutwa, na usimdai akusamehe. Akikusamehe, ni hisani yake. Asipokusamehe, ni haki yake."

Hamda alijifuta uso kwa ncha ya buibui, akashukuru, akashika njia ya Malindi peke yake.